Kichwa kinachouma mlimani: elimu ya wazee na mateso ya wapagazi katika milima ya Kivu

Sisi wa Bukavu tumezaliwa juu, na jambo hilo hutupa kiburi kidogo. Maji ya ziwa Kivu yako metre 1460 juu ya bahari, na nyumba zetu za Kadutu, Ibanda na Bagira ziko juu kuliko maji. Tukisikia kwamba mtu fulani aliumwa kichwa kwa sababu tu alipanda mlima, tunacheka. Tunasema huyo ni mtu wa joto, hajazoea. Tuliamini hivyo mpaka siku moja ya kiangazi tulipopanda Kahuzi pamoja na wenzetu wa chama.

Tulitoka mjini alfajiri, tukapita Miti, tukaingia parke kwa Tshivanga. Aliyetuongoza alikuwa mzee mmoja ambaye kazi ya kupeleka watu mlimani aliianza akiwa kijana. Katikati yetu kulikuwa na mwalimu, mgeni wetu, aliyefika jana yake kutoka Uvira, kule kando ya ziwa Tanganyika ambako maji hayafiki hata metre 800 juu ya bahari. Kwenye mianzi mwalimu alikuwa bado anachekesha watu. Tulipoiacha mianzi nyuma na kuanza kuona vichaka vya baridi vya huko juu, akanyamaza. Kisha akasema: «Bandugu, kichwa inaniluma sana.»

Kila mmoja wetu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni malaria ya Uvira imemfuata. Mwingine alisema ni kwa sababu hakunywa chai asubuhi. Mama mmoja akatoa kinini mbili ndani ya kikapo chake. Mzee peke yake hakucheka. Alimwangalia machoni, akamwambia: «Mwalimu, hii haiko malaria. Mulima njo inakuluma. Tuteremuke, utapona.»

Hatukumsikiliza, kwa sababu kilele kilikuwa karibu. Tulipofika juu, metre 3308, mwalimu alitapika, akakaa chini, hata picha hakutaka. Tukamshika mikono, tukashuka naye. Kwenye mianzi alianza kuongea tena. Kufika Tshivanga aliomba viazi. Hakupigwa sindano, hakupewa dawa nyingine: kushuka tu kulimponyesha. Tuliona aibu mbele ya mzee, na tangu siku hiyo tukaanza kuuliza: yeye alijuaje? Na kabla yake, ni nani walioumwa kichwa hiki katika milima yetu, na nani aliandika habari zao? Makala hii ni matunda ya maswali hayo.

Ugonjwa wenyewe ni nini

Watu wamejua ugonjwa huu tangu zamani sana. Nchini China, miaka 30 hivi kabla ya Kristo, mkubwa mmoja wa serikali alionya juu ya njia ya magharibi iliyopita katika milima iitwayo Mlima Mkubwa wa Kichwa Kuuma na Mlima Mdogo wa Kichwa Kuuma. Katika Amerika ya Kusini, padri Mjezuiti José de Acosta alishikwa na kutapika alipovuka milima ya Peru, akaandika habari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1590. Yeye alidhani hewa ya huko ni nyembamba mno kwa kifua cha mtu, na hakuwa mbali na ukweli. Aliyethibitisha jambo lenyewe ni Mfaransa Paul Bert, mwaka 1878.

Maelezo yake tunaweza kuyasema kwa maneno ya kawaida. Hewa ni ile ile chini na juu: katika sehemu 100 za hewa, 21 ni oksijeni. Lakini hewa ina uzito, na ile ya chini hukandamizwa na ile iliyo juu yake. Ukipanda, mkandamizo unapungua, hewa inakuwa nyepesi, na kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko kawaida. Juu ya Kahuzi mtu anapata kama theluthi mbili tu ya ile ambayo angepata kwenye pwani ya bahari. Juu ya kilele cha Ruwenzori, metre 5109, anapata nusu na kidogo.

Mwili si mjinga. Unapumua haraka, moyo unapiga mbio, na baada ya siku kadhaa damu yenyewe inajipanga upya. Lakini kazi hiyo inataka muda. Mtu akipanda haraka kupita metre 2500 hivi, ubongo unaonja njaa ya oksijeni, mishipa yake inatanuka, na kichwa kinaanza kuuma. Kisha hufuata kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Mara nyingi huanza saa 6 mpaka 12 baada ya kufika juu, ndiyo maana wengi hushikwa usiku, ingawa anayepanda haraka anaweza kushikwa mapema zaidi, kama mgeni wetu. Nguvu na ujana havisaidii kitu. Kijana mwenye kifua kipana anaweza kuanguka, na mama mwenye umri akapita salama, kwa sababu tu mama alitembea pole pole.

Kuna hatua mbili mbaya zaidi, na hizo ndizo zinazoua. Ya kwanza, maji yanajaa katika ubongo: mtu anayumba kama mlevi, anaongea ovyo, kisha anazimika. Ya pili, maji yanajaa katika mapafu: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, anatoa povu. Aliyefika hapo na asishushwe anaweza kufa katika saa chache.

Wazee walisemaje

Wazee wetu hawakuwa na neno oksijeni. Walikuwa na wenye mlima.

Sisi Bashi, kama ndugu zetu wa Rwanda, tulimjua Lyangombe, na wengi katika mababu zetu walibandwa kwa jina lake. Katika masimulizi mengi ya nchi hizi, makao yake na ya watu wake waliokufa ni juu ya Karisimbi, kwenye baridi na weupe, na wale wasiobandwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Karisimbi yenyewe, metre 4507, husemwa kwamba ilipewa jina la simbi nyeupe, kwa ajili ya theluji inayoonekana kichwani mwake asubuhi. Kwa wazee, kupanda huko ilikuwa kuingia nyumbani kwa wafu, wala hawakuona hapo mchezo.

Katika jimbo jirani la Kivu Kaskazini, Banande, na ndugu zao Bakonzo wa upande wa Uganda, wanamtaja Kitasamba, ambaye anakaa juu ya Ruwenzori, na Nzururu, ambaye ni theluji yenyewe. Mtu hakupanda bila kumwomba Kitasamba ruhusa na kumtolea sadaka. Akigonjwa njiani, ilieleweka kwamba ruhusa haikutolewa.

Kuna watu wa leo wanaoyacheka mambo haya, na wengine wanaoyasifu tu bila kuyachunguza. Sisi tunaomba msomaji aangalie matokeo yake. Anayeomba ruhusa amekubali kwamba anaweza kukataliwa. Na anayejua kwamba mlima unaweza kukataa, siku kichwa kikimuuma haoni haya kugeuka, wala wenzake hawamwiti mwoga. Ndani ya ile sadaka mlikuwa na sheria ambayo waganga wa leo wanaifundisha kwa maneno mengine: mwili ukikataa, shuka. Wawindaji wa Bakonzo na Batwa wa msitu wa Kahuzi waliijua njia, wakajua mahali pa kulala na mahali pa kurudia. Parke ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970, na Batwa wakatolewa msituni, sehemu ya elimu hiyo ilitoka pamoja nao.

Wapagazi

Halafu ilikuja misafara, na watu ambao hawakuomba ruhusa ya mtu.

Mwezi wa 6 mwaka 1889, Stanley akiwa anamrudisha Emin Pasha, Luteni William Stairs alitumwa kupanda Ruwenzori pamoja na Wazanzibari 40 hivi. Hao walikuwa watu wa Kiswahili, waliozoea joto, nguo zao nyepesi, na baridi ya usiku iliwatesa vibaya. Emin mwenyewe aligeuka mapema. Stairs alifika kwenye futi 10677 kwa hesabu yake, yaani metre 3250 hivi, karibu sawa na kilele chetu cha Kahuzi, akaona mabonde bado yamemkatia njia, akarudi. Jina la Stairs limeandikwa katika vitabu. Majina ya wale 40 msomaji wa leo hayakuti.

Tofauti iko moja tunayoipenda. Mwaka 1871, mmisionari Mwingereza Charles New alipanda Kilimanjaro. Wasaidizi wake walibaki nyuma mmoja mmoja, mpaka akabaki na Tofiki peke yake. Karibu na theluji hata Tofiki miguu ilikataa, akakaa chini, na New akamalizia hatua za mwisho bila yeye. New aliandika jina hilo, na kwa ajili ya neno moja tu tunajua leo kwamba Tofiki alipanda mlima mrefu kuliko yote ya Afrika mpaka pumzi ikamkatalia.

Mwaka 1906, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alifika Ruwenzori na msafara mkubwa. Wapagazi wake Waganda hawakuiweza baridi ya juu, wakarudishwa, na mizigo ikachukuliwa na Bakonzo, wenye mlima. Kambi kubwa iliwekwa chini ya jabali la Bujongolo, kwenye metre 3800 hivi, na kutoka hapo walipanda na kushuka siku nyingi. Tarehe 18 mwezi wa 6 walifika juu kabisa. Watu husifu kamba na vyuma vya wazungu wale. Sisi tunaona pia kwamba walikaa juu siku za kutosha, miili ikazoea, na kwamba mizigo ilibebwa na watu waliozaliwa mlimani.

Mahali ambapo hayo hayakuzingatiwa, watu walikufa. Mwezi wa 2 mwaka 1908, mjiolojia Mjerumani Egon Kirschstein, wa msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikuwa akizunguka juu ya Karisimbi. Wakati huo mpaka wa Wabelgiji na Wajerumani ulikuwa haujakatwa. Ulikatwa mwaka 1910, ukapita juu ya mlima huo huo. Msafara ulikuwa ukivuka shimo la zamani la volkano, begani mwa mlima, mvua ya mawe na theluji ilipowaangukia. Wapagazi walitupa mizigo, wakalala chini, wakakataa kuinuka. Baadhi waliburutwa, wakaokolewa. Watu 20 walikufa pale.

Wapagazi wa misafara ya nyakati zile walitoka mara nyingi katika nchi za joto: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, watu wa pwani. Walipewa mzigo wa kilo 25 au 30, hawakupewa koti. Hatusemi kwamba hewa nyepesi peke yake iliwaua wale 20. Baridi na nguo zilizolowa ndizo zilizowamaliza. Lakini mtu aliyepungukiwa na joto na pumzi pamoja, akili yake huzimika kama taa inayokosa mafuta. Anataka kulala tu. Kichwa kilichouma tangu asubuhi sasa hakiumi tena, na yeye hajali. Wasafiri wengi wa wakati ule waliona hapo uvivu, au woga wa mashetani. Mara ngapi mpagazi aliyesema «Bwana, kichwa» alijibiwa kwa kiboko!

Hapa yatupasa kuwa wakweli pia juu ya upande wetu. Imani ya kwamba mlima umekataa humsaidia mtu ambaye bado ana miguu ya kurudi. Kwa mtu aliyekwisha kulala katika theluji, imani hiyo hiyo inaweza kumwambia: tulia, wenyewe wamekuita. Wazee walitufundisha kugeuka mapema, lakini hawakutuachia dawa ya kumwinua aliyechelewa. Ndiyo sababu elimu ya wazee na elimu ya waganga zinahitajiana.

Margherita wawili

Duke wa Abruzzi alikiita kilele cha juu cha Ruwenzori Margherita, jina la malkia wa Italia. Wachache kwetu wanajua kwamba kuna Margherita mwingine wa mlimani. Ni nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya Monte Rosa, mpakani mwa Italia na Uswisi, kwenye metre 4554, ikafunguliwa mwezi wa 8 mwaka 1893, malkia mwenyewe akiwako. Humo mwalimu wa Torino, Angelo Mosso, alipandisha askari na vyombo vyake, akapima pumzi zao, usingizi wao na maumivu yao. Tangu wakati wake mpaka siku zetu, mengi tunayoyajua juu ya kichwa cha mlimani yamepimwa ndani ya nyumba hiyo.

Basi jina ni moja. Kule Ulaya, chini ya jina la Margherita, askari alipoumwa kichwa watu walimwuliza: unaumwa wapi, tangu saa ngapi? Huku kwetu, miaka 15 baadaye tu, watu 20 walilala juu ya Karisimbi, na hakuna aliyepima pumzi ya hata mmoja. Hatuyasemi haya kwa kununa. Tunayasema ili mtoto wetu akisoma majina ya vilele aulize pia majina ya waliobeba mizigo.

Tushike nini

Tunapoandika, njia nyingi za milima yetu zimekuwa ngumu kupita kwa ajili ya vita, na waongozaji wazee wanatuacha mmoja baada ya mwingine. Siku amani ikirudi, vijana watapanda tena, wengine kwa furaha, wengine kwa kutafuta mkate wa watoto wao. Ni kwa ajili ya hao tunaomba haya yashikwe.

Kwanza, kichwa kinachoanza kuuma huko juu kihesabiwe kuwa ni mlima mpaka ijulikane vingine. Kwetu kila kichwa kinaitwa malaria, au mtu anakimbilia pembe ya kuumikwa. Mwenye homa apimwe damu, ni kweli. Lakini pembe haiwezi kumrudishia mtu pumzi.

Pili, kinini ya maumivu inaweza kupoza kichwa, haiondoi ugonjwa. Aliyepona kwa kinini asichukue nafasi hiyo kupanda zaidi. Iko dawa iitwayo asetazolamidi inayousaidia mwili kuzoea, lakini iandikwe na muganga.

Tatu, pole pole. Ukipita metre 3000, usilale usiku huu zaidi ya metre 500 juu ya mahali ulipolala jana, na kila siku 3 au 4 pumzika siku nzima. Kichwa kikiuma, usipande, kikizidi, shuka. Anayeyumba au anayehema akiwa amekaa ashushwe saa ile ile, hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake.

Nne, mpagazi naye ana kichwa. Mgeni akiumwa, msafara wote unasimama. Mpagazi akiumwa, mara nyingi anaficha ili asikose mshahara. Anayeongoza watu amwulize mpagazi kabla ya mgeni, na yule anayeshushwa alipwe siku zake zote.

Wahenga wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwa ugonjwa huu methali inageuka: kupanda ndiyo ngoma, na kushuka ndiyo dawa. Mzee wetu wa Kahuzi hakusoma Paul Bert wala Mosso. Alikuwa ameona vichwa vingi, na alijua njia ya kurudi. Tunawaomba wasomaji walio na baba au babu aliyebeba mizigo katika milima hii wakae naye jioni moja na daftari. Waandike jina lake kwanza, halafu jina la mlima.